Sumaku yafanya nini ndani ya shaba? Namna ya kupima jambo dogo pasipo kujidanganya



Kila mtoto ajua kwamba sumaku huvuta msumari lakini huacha shaba. Weka sumaku karibu na waya wa shaba: waya hautikisiki. Weka karibu na pete ya zahabu: pete yalala tu. Basi watu husema: sumaku haina neno na shaba wala na zahabu. Lakini pitisha umeme ndani ya shaba hiyo, kisha rudisha sumaku pale pale. Kwa macho huoni badiliko lolote. Kumbe, ndani yake umeme umekwisha kusukumwa kandokando, na mwenye chombo kizuri cha kupima aweza kulijua jambo hilo.

Katika makala hii nataka kueleza mambo mawili ambayo sumaku huyatenda katika kitu kinachopitisha umeme. Jambo la kwanza: yazalisha volti ya upande, toka ubavu mmoja wa kitu hata ubavu wa pili. Jambo la pili: yabadilisha uzuizi wa kitu, ndiyo ile rezistansi ya masomo yetu ya fizika. Nitaeleza tena namna ya kuyapima, na hapo nitakawia zaidi, kwa maana mambo yote mawili ni zaifu mno, na mtu apimaye jambo zaifu ajidanganya upesi. Mimi mwenyewe nilijidanganya mbele ya wanafunzi wangu. Nitawaelezeni pasipo kuficha.

I. KIJANA NA KITABU CHA MWALIMU MKUBWA

Mwaka wa 1873 mtaalamu James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, alitoa kitabu kikubwa juu ya umeme na sumaku. Mpaka leo jina lake laheshimiwa na kila mtu anayesoma fizika. Ndani ya kitabu hicho alifundisha kwamba nguvu ya sumaku yasukuma waya wenyewe unaochukua umeme, wala si umeme unaopita ndani yake. Waya ukifungwa imara usiweze kusogea, basi mkondo wa umeme utaendelea kupita kama desturi, sumaku haitaugeuza.

Miaka michache nyuma yake, katika mji wa Baltimore kule Marekani, kijana mmoja jina lake Edwin Hall alikuwa akisoma katika universite ya Johns Hopkins. Aliposoma maneno hayo alishangaa. Alijua kwamba waya usio na umeme hausukumwi hivyo na sumaku. Tena alijua kwamba nguvu ya kuusukuma yafuata wingi wa umeme, wala haifuati unene wa waya. Basi aliwaza: ikiwa chanzo cha mambo ni umeme, mbona umeme wenyewe usiguswe? Akamwuliza mwalimu wake, Henry Rowland. Mwalimu hakumkemea, wala hakumwuliza yeye ni nani hata amkosoe Maxwell. Alimjibu kwamba yeye pia alikuwa na mashaka, na kwamba alikwisha kujaribu asifaulu.

Hall alianza kwa njia iliyoonekana nyepesi. Aliwaza hivi: sumaku ikisukuma umeme upande mmoja wa waya, njia ya umeme itakuwa nyembamba, na uzuizi utaongezeka. Akapima kwa uangalifu mkubwa uzuizi wa waya uliozungushwa kama konokono kati ya ncha za sumaku. Hakuona badiliko aliloweza kuliamini. Hapo wengi wangaliacha kazi. Yeye alibadili swali: labda umeme wasukumwa, lakini haukubali kubanwa, basi hautaonekana katika uzuizi, ila utaonekana kama msukumo toka ubavu hata ubavu. Kwa shauri la mwalimu wake akachukua karatasi nyembamba sana ya zahabu, akaibandika juu ya kioo, akapitisha umeme kwa urefu wake, akaunganisha nyaya za galvanometa kwenye mbavu mbili. Siku ya 28 Oktoba 1879, sumaku ilipotiwa nguvu, mshale wa galvanometa ulihama, ukabaki pale ulipohamia. Sumaku ilipogeuzwa, mshale nao ukahamia upande wa pili.

Hall alikuwa hajatimiza miaka 24. Maxwell alikufa siku ya 5 Novemba, siku chache tu nyuma ya jaribio hilo. Wala tusiseme kwamba kitabu chake kilibomolewa: sheria kubwa alizoandika zasimama mpaka leo, na bila sheria hizo hatungaliweza kueleza hata jambo la Hall. Ni sentensi chache tu zilizokosa. Sisi tuliosoma kwa Mtakatifu Toma hatuwezi kushangaa sana, kwani yeye alitufundisha kwamba katika elimu, hoja inayotegemea ukubwa wa mtu peke yake ndiyo hoja iliyo zaifu kuliko zote. Mwalimu mkubwa astahili heshima. Heshima hiyo haiondoi kazi ya kutazama.

II. MFANO WA MAANDAMANO

Hall aliliona jambo lakini hakujua vizuri sababu yake, kwa maana siku zile hakuna aliyejua elektroni. Ilikuwa mwaka wa 1897 ndipo J. J. Thomson, kule Cambridge, alipoonyesha kwamba kuna vipande vidogo sana vyenye chaji hasi. Leo twajua kwamba mkondo wa umeme katika shaba ni elektroni nyingi zinazotembea pamoja.

Fikiri maandamano ya Sakramenti Takatifu katika njia pana yenye kuta mbili. Watu wote watembea mbele. Mara upepo mkali wavuma toka kuume, wawasukuma kushoto. Kwanza watu wengi wajikusanya kwenye ukuta wa kushoto, na upande wa kuume wabaki wazi. Lakini waliosongamana kushoto waanza kuwasukuma wenzao: hakuna nafasi tena. Nyuma ya kitambo kidogo, msukumo wa msongamano wawa sawa na msukumo wa upepo, na maandamano yaendelea mbele kama desturi, safari hii wakiwa wengi kushoto na wachache kuume.

Sumaku ndiyo upepo huo. Elektroni ikitembea, sumaku yaisukuma upande, ikisimama, haisukumwi. Basi elektroni zajikusanya ubavu mmoja wa shaba, na ubavu wa pili wabaki na upungufu. Tofauti hiyo ndiyo volti ya upande. Wataalamu waiita volti ya Hall.

Toka mfano huu twaweza kupata sheria yenyewe. Ukiongeza mkondo, volti ya upande yaongezeka. Ukiongeza nguvu ya sumaku, yaongezeka pia. Ukitumia kitu chembamba, yaongezeka tena, kwa sababu mkondo ule ule wapita katika njia ndogo, na elektroni zalazimika kukimbia zaidi. Na kitu chenye elektroni chache chatoa volti kubwa kuliko kitu chenye elektroni nyingi, kwa sababu ile ile: wachukuzi wakiwa wachache, kila mmoja lazima akimbie ili mzigo wote ufike. Hesabu yake ni hii: zidisha mkondo kwa nguvu ya sumaku, kisha gawa kwa unene wa kitu, gawa tena kwa wingi wa elektroni katika meta moja ya ujazo, gawa tena kwa chaji ya elektroni moja.

Jambo moja la kushangaza niliguse upesi. Katika madini mengine, kwa mfano zinki, volti ya upande yatokea kinyume cha shaba, kana kwamba wachukuzi wa umeme wana chaji chanya. Mwaka wa 1929 mtaalamu Rudolf Peierls alieleza sababu. Fikiri benchi la refektwari lililojaa watu, nafasi moja tu iko wazi. Wote wakisogea kushoto mmoja mmoja, nafasi ile wazi yasogea kuume. Kuna vitu ambamo elektroni zimejaa namna hiyo, na nafasi wazi ndiyo inayoonekana kutembea. Kwa hiyo volti ya upande yatuonyesha wingi wa wachukuzi, na pia kama ni elektroni zenyewe au nafasi zao.

III. TUHESABU KIDOGO

Elimu ya fizika bila hesabu ni kama mahubiri bila mfano. Tutwae ukanda wa shaba wenye unene wa sehemu moja kwa kumi ya milimita. Tupitishe ampere 1. Tutwae sumaku yenye nguvu ya tesla 1, ndiyo nguvu kubwa. Nguvu ya sumaku ya dunia yetu, ile inayogeuza dira, ni kati ya mikrotesla 25 na 65 tu, na mikrotesla ni sehemu moja kwa milioni ya tesla. Katika meta moja ya ujazo ya shaba mna elektroni zenye kutembea 85 na sifuri 27 nyuma yake. Gawanya kama tulivyosema: utapata volti ya upande isiyotimia mikrovolti 1, ni karibu sehemu saba kwa kumi za mikrovolti. Batri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu. Nasi twatafuta kitu kilicho kidogo kuliko hiyo mara milioni mbili.

Sasa tutwae silisiumu iliyotiwa uchafu kidogo kwa makusudi, yenye wachukuzi 1 na sifuri 22 katika meta ya ujazo. Unene ule ule, sumaku ile ile, lakini mkondo tuupunguze mara elfu, uwe miliampere 1 tu. Volti ya upande yawa milivolti 6. Chombo cha kawaida cha fundi wa radio chaweza kuiona. Ndiyo sababu vyombo vya leo vya kupima sumaku hutengenezwa kwa silisiumu na ndugu zake, si kwa shaba.

Hesabu hiyo ningaliifanya mapema, nisingalipata haya ambayo nataka kuwasimulia sasa.

IV. KOSA LETU

Nilikuwa nikifundisha fizika katika seminari ndogo moja. Sikukuu ya nyumba ilikuwa karibu, na wazazi walikaribishwa kuja kutazama kazi za wanafunzi. Tuliamua kuonyesha jambo la Hall. Tulipata ukanda wa shaba wenye unene ule niliousema, upana wa sentimita moja. Tukapata sumaku katika kipaza sauti kilichokufa. Tukatumia batri ya motokari, na taa ya motokari ya kupunguza mkondo uwe karibu ampere 2. Tukaunganisha nyaya mbili kwenye mbavu za ukanda, tukaweka sumaku, tukawasha. Chombo cha kupima kikaandika 0,1 ya milivolti. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Niliandika kwa mkono wangu juu ya karatasi ya ukutani kwamba wanafunzi wa darasa la fizika wameona jambo la Hall.

Usiku ule mwanafunzi mmoja, mdogo kuliko wenzake, alinifuata. "Padri," akasema, "ulitufundisha kwamba tukigeuza sumaku, volti nayo lazima igeuke. Mbona hatukuigeuza?" Tulirudi darasani pamoja. Tukageuza sumaku: chombo kikaandika 0,1. Tukaondoa sumaku kabisa: 0,1.

Basi tulikuwa tumepima nini? Tulitazama vizuri, tukaona kwamba nyaya zetu mbili hazikuelekeana sawasawa. Mmoja ulikuwa mbele ya mwenzake kwa milimita tatu hivi. Lakini umeme unapotembea katika ukanda, volti yapungua polepole kwa urefu wa njia. Milimita tatu za ukanda ule, kwa ampere 2, zatoa volti ya karibu 0,1 ya milivolti, bila sumaku yoyote. Hiyo ndiyo tuliyoipima. Na volti ya Hall tuliyoitafuta? Sumaku ile, kama ilifika sehemu moja kwa kumi ya tesla, ingalitoa sehemu 15 kwa mia za mikrovolti. Chombo chetu hakiwezi kuona kitu kilicho chini ya mikrovolti 100. Hata nyaya zingalielekeana vizuri, tusingaliona kitu.

Asubuhi niliondoa karatasi ukutani mbele ya darasa zima, nikaeleza sababu. Niliona haya, sitakataa. Kuwafundisha vijana kwamba ukweli ni akili kupatana na kitu kilivyo, kisha kuacha uwongo ukutani kwa ajili ya sikukuu, ingalikuwa haya kubwa zaidi. Wazazi walipokuja waliona ukanda, batri na karatasi mpya yenye kichwa: "Namna tulivyokosa". Wengi walikawia hapo kuliko pahali pengine.

V. KUGEUZA, KUJUMLISHA, KUTOA

Toka kosa hilo twaweza kufahamu kanuni ambayo wataalamu wote huifuata. Volti wanayoisoma haina jambo moja tu; ni mchanganyiko. Mna volti ya Hall. Mna volti ya nyaya zisizoelekeana. Mna tena volti ya joto, kwa kuwa madini mawili tofauti yakigusana, na mgusano mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, volti ndogo yazaliwa pale. Namna gani kuzitenganisha?

Kwanza, geuza mkondo. Volti ya joto haijali mkondo waelekea wapi, yabaki vile vile. Nyingine zote zageuka. Toa kipimo cha pili katika kipimo cha kwanza, gawa kwa mbili: volti ya joto imekwenda.

Pili, geuza sumaku. Volti ya Hall yageuka pamoja nayo; volti ya nyaya zisizoelekeana haigeuki. Toa tena, gawa kwa mbili: volti ya Hall yabaki peke yake. Na ukijumlisha badala ya kutoa, kisha ukagawa kwa mbili, wapata ile isiyogeuka, yaani sehemu ya uzuizi. Basi hata takataka ya kipimo kimoja yaweza kuwa mavuno ya kipimo kingine, kwa mtu mwenye subira ya kuitenga.

Tatu, tumia nyaya nne. Ukanda wetu, kwa urefu wa sentimita kumi, una uzuizi wa karibu sehemu mbili kwa elfu za omu. Nyaya za chombo cha kupima, pamoja na mahali zinapogusa, zaweza kuwa na sehemu moja kwa kumi ya omu au zaidi. Ukipima kwa nyaya mbili, wapima nyaya zako, si shaba. Kwa hiyo nyaya mbili za nje huleta mkondo, na nyingine mbili za ndani hupima volti tu. Kwa kuwa chombo cha kupima volti hakipitishi karibu mkondo wowote, uzuizi wa nyaya za ndani haudhuru. Mwaka wa 1958 mtaalamu van der Pauw, aliyefanya kazi katika maabara ya Philips huko Uholanzi, alionyesha kwamba kipande bapa cha sura yoyote, mradi kisiwe na tundu, chaweza kupimwa kwa nyaya nne zilizowekwa kandoni mwake. Njia yake yatumiwa mpaka leo.

VI. UZUIZI WENYEWE WABADILIKA

Sasa tufike kwa jambo la pili. Miaka zaidi ya ishirini mbele ya Hall, William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipima chuma kilichotiwa sumaku. Aliona kwamba mkondo ukifuata upande wa sumaku, uzuizi waongezeka. Ukikatisha upande wa sumaku, wapungua. Badiliko lilikuwa dogo, la sehemu chache tu kwa mia.

Na madini yasiyovutwa na sumaku? Turudi kwa maandamano yetu. Tulisema msongamano wasukuma sawa na upepo. Lakini sawa kwa nani? Kwa yule mwenye mwendo wa kadiri tu. Sumaku yasukuma zaidi elektroni yenye mbio na yasukuma kidogo elektroni ya polepole. Msongamano hauna ubaguzi, wazisukuma zote sawa. Basi zenye mbio zapinda upande mmoja, za polepole zapinda upande wa pili. Njia zao zawa ndefu, zagongana zaidi, na uzuizi waongezeka. Ikiwa elektroni zote zina mwendo mmoja, au zagongana mara nyingi mbele ya kupinda, badiliko halionekani. Kwa hiyo Hall hakuona kitu katika waya wake wa konokono: hakukosa kupima, alipima kitu kisichobadilika vya kutosha.

Bismuti ni kinyume chake. Elektroni zake ni chache nazo zaenda mbali kabla ya kugongana. Uzuizi wake waongezeka sana mbele ya sumaku. Mwisho wa karne ya 19 wataalamu walitumia waya wa bismuti uliozungushwa ili kupima nguvu za sumaku zao.

Angalia tofauti moja ya lazima. Katika sumaku zisizo kali sana, ukizidisha nguvu ya sumaku mara mbili, volti ya Hall yazidi mara mbili. Lakini badiliko la uzuizi lazidi mara nne. Na ukigeuza sumaku, volti ya Hall yageuka, lakini uzuizi waongezeka kama mbele. Ndiyo maana kujumlisha na kutoa kwaweza kuyatenga mambo haya mawili.

VII. KOBALTI NA SHABA

Kwa miaka zaidi ya mia watu walizani kwamba badiliko la uzuizi katika madini ya sumaku litabaki dogo siku zote. Mwaka wa 1988 makundi mawili yaliona kinyume: kundi la Albert Fert huko Orsay, Ufaransa, na kundi la Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani. Walipanga tabaka nyembamba za chuma na za kromi, moja juu ya nyingine. Tabaka ya kromi ilikuwa na unene wa karibu nanometa moja. Karatasi moja ya daftari ina unene wa nanometa laki moja hivi. Katika baridi kali, tabaka za Fert zilipopewa sumaku yenye nguvu, uzuizi wao ulipungua karibu nusu. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya fizika mwaka wa 2007.

Sababu ni hii. Kila elektroni ni sumaku ndogo, nayo yaweza kuelekea pande mbili tu. Tuseme wasafiri ni wa aina mbili, na njiani mna bariyeri mbili. Kila bariyeri ina askari wanaopenda aina moja na kuchelewesha nyingine. Bariyeri zote mbili zikipenda aina moja, wasafiri wa aina hiyo wapita upesi, na bidhaa zafika sokoni. Lakini bariyeri ya kwanza ikipenda aina hii, na ya pili aina ile, kila msafiri acheleweshwa pahali fulani, na soko lakaa na njaa. Tabaka za chuma ndizo bariyeri. Bila sumaku ya nje zaelekea kinyume; sumaku ikija zaelekea pamoja, na umeme wapita.

Mwanafunzi anayejua hesabu ya uzuizi apime mwenyewe, kwa mfano tu: tuseme bariyeri ina omu 1 kwa rafiki na omu 9 kwa mgeni. Zikielekea pamoja, njia moja ina omu 2, ya pili 18. Zikiunganishwa sambamba, ni omu 1,8. Zikielekea kinyume, kila njia ina omu 10. Sambamba, ni omu 5. Madini hayakubadilika, mwelekeo tu.

Mwaka wa 1991 ilionyeshwa kwamba tabaka za kobalti na shaba zatenda jambo hilo kwa nguvu hata katika joto la kawaida la nyumba. Kobalti na shaba! Msomaji wa Kolwezi, wa Likasi, wa Lubumbashi, majina hayo ayajua tangu utoto. Baba yake labda aliyachimba. Tangu mwaka wa 1997 vichwa vya kusomea diski za kompyuta vilitumia tabaka za namna hii, na diski ziliweza kubeba maandishi mengi kupita zamani. Tangu karibu mwaka wa 2005 namna nyingine, ambamo elektroni zapenya tabaka isiyopitisha umeme, ilichukua nafasi. Tusijivune bure: madini yanayohitajika kwa kichwa kimoja ni chembe tu, na kobalti yetu nyingi yaenda katika batri. Lakini nchi yetu yatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na vijana wetu wengi waijua kwa koleo na mfuko tu. Mwenye kuchimba bila kujua kitu alichochimba auza uzito. Mwenye kujua auza kazi ya akili pia. Hilo halitabadilika kwa hotuba, litabadilika darasani, kwa mtoto aliyezoezwa kugeuza sumaku na kutazama.

VIII. KWA KUMALIZA

Vyombo vya Hall leo viko kila mahali: katika simu kuonyesha upande wa kaskazini, katika motokari kuhesabu mizunguko ya gurudumu, katika vibanio ambavyo mafundi huzungushia waya wapime mkondo pasipo kuukata. Na jambo lenyewe halikuisha kutushangaza. Mwezi wa Februari 1980, huko Grenoble, Klaus von Klitzing alipima volti ya Hall katika silisiumu, katika baridi kali na sumaku kali sana. Aliona kwamba haipandi kama mlima, yapanda kama ngazi. Ukigawa volti hiyo kwa mkondo, wapata omu 25.812,807 iliyogawanywa kwa hesabu kamili: kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4. Sura ya kipande haina neno, wala uchafu wake. Alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1985, na tangu mwaka wa 1990 nchi za dunia hutumia ngazi hiyo ili kulinda kipimo cha omu.

Kitabu cha Hekima, katika sura ya 11, chataja kipimo, hesabu na uzito tunapotafakari kazi ya Mwumba. Twalisoma fungu hilo mara nyingi, lakini mara chache twaliona likitimia mbele ya macho yetu kama katika ngazi ile ya Grenoble.

Basi, wapenzi walimu wa seminari na wa shule zetu, nawasihi jambo moja. Mwanafunzi akiwauliza: "Mbona hatukugeuza sumaku?", msimwambie anyamaze kwa kuwa karatasi imekwisha kubandikwa. Inukeni, mkaigeuze pamoja naye.